Eksirei, ultrasaundi, CT au MRI: bega lako linahitaji picha ipi?

Wagonjwa wengi wa bega huingia chumba cha mionzi wakiwa na imani moja kati ya mbili. Kuna wanaotaka wapelekwe MRI moja kwa moja, kwa kuwa ndugu yao alipigwa MRI ya mgongo na tatizo likaonekana. Kuna waliokwisha kupigwa eksirei, wakaambiwa mifupa iko salama, wakarudi nyumbani na maumivu yao wakidhani wameambiwa hawaumwi. Wote wamevipanga vipimo hivi kama madaraja ya hospitali: eksirei chini, MRI juu, na mwenye uwezo apande. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo picha, na sivioni hivyo hata kidogo. Kila kipimo kina swali lake. Ukishajua swali la bega lako, kipimo kinajichagua chenyewe, na mara nyingi kinachojichagua ndicho cha bei ndogo.

Nitakaa zaidi kwenye eksirei. Ndiyo inayopatikana mpaka hospitali za wilaya, ndiyo ya kwanza kwa karibu kila bega, na ndiyo inayopigwa nusunusu mara nyingi kuliko wagonjwa wanavyojua.

Kilichomo begani

Mifupa ni mitatu: mfupa wa mkono wa juu, bapa la bega kwa nyuma, na mtulinga kwa mbele. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na bakuli lake kwenye bapa ni dogo lisilo na kina. Ni chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana huchomoka kirahisi. Kinacholishikilia ni nyama: misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa na kukishika kichwa cha mfupa kwa kano zake, ukingo wa gegedu unaozunguka bakuli, na mfuko wa kiungo wenyewe. Juu ya kano hizo kuna ncha ya bapa inayofanya paa la bega. Kati ya paa hilo na kichwa cha mfupa mna upenyo mwembamba, kwa kawaida milimita 8 hadi 12 hivi, na humo ndimo kano inayouma sana kwa watu wazima inamopita.

Mifupa inaonekana kwa eksirei. Kano, gegedu, mfuko na mishipa ya fahamu havionekani. Ukiyashika hayo mawili, umeshaelewa nusu ya ulinganisho huu.

Eksirei: inachojua, na inachokisia

Ukianguka na bodaboda, ukiteleza bafuni, ukigongwa, ukivutwa mkono kwa nguvu, eksirei ndiyo ya kwanza, bila mjadala. Itaonyesha mtulinga uliovunjika, ambao mara nyingi hukatika katikati. Itaonyesha kichwa cha mfupa wa mkono kilichopasuka, jambo la kawaida kwa wazee walioanguka kutoka kimo cha kusimama tu. Itaonyesha bega lililochomoka, na itaonyesha mtulinga ulioachana na paa la bega baada ya mtu kuangukia ncha ya bega.

Kwa bega linalouma pole pole bila ajali, eksirei huonyesha kusagika: nafasi ya kiungo imepungua, vimeota vijiti vya mfupa upande wa chini wa kichwa, mfupa umekuwa mweupe na mgumu mahali unaposuguana. Huonyesha chokaa ndani ya kano. Hili la chokaa nalisisitiza kwa makusudi, kwa sababu ni mfano mzuri wa eksirei kuishinda MRI. Kuna watu, hasa kati ya miaka 30 na 60 na wanawake zaidi, ambao hupata bonge la chokaa kwenye kano ya juu ya bega. Linapoanza kuyeyuka, maumivu yake yanaweza kumfanya mtu alale ameketi. Kwenye eksirei bonge hilo ni jeupe, linaonekana waziwazi. Kwenye MRI chokaa ni cheusi ndani ya kano ambayo nayo ni nyeusi, na msomaji asiye na eksirei mkononi anaweza kulipita.

Kuna na vinavyoonekana kwa kukisia. Upenyo ule wa chini ya paa ukipungua hadi chini ya milimita 7, kichwa cha mfupa kimepanda juu, na hakipandi mpaka kano iliyokuwa ikikishusha iwe imechanika sana. Hivyo eksirei, bila kuiona kano, inaweza kukuambia kwamba kano ilishaachia zamani. Pia kona ya picha ya bega huchukua ncha ya juu ya pafu. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu kingalipo, na kwa mvutaji sigara wa siku nyingi ambaye uvimbe wa ncha ya pafu unaweza kujitokeza kwa maumivu ya bega, msomaji mzuri haiachi kona hiyo.

Sasa, pembe za kupigia. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo.

Bapa la bega halikukaa sambamba na kifua, limelala mshazari. Mtu akisimama ametazama mashine, kichwa cha mfupa na bakuli lake hufunikana kwenye picha na nafasi ya kiungo haionekani. Ili ionekane, ni lazima mwili uzungushwe nyuzi 35 hadi 45 kuelekea upande unaouma, mpaka bapa lilale bapa kwenye sahani ya mashine. Tofauti ya picha hizo mbili ni kubwa: kwenye ya kwanza utaapa kiungo kimesagika, kwenye ya pili utaona nafasi safi.

Hata hivyo picha ya mbele peke yake, ipigwe vizuri kiasi gani, haitoshi kwa bega lililoumia. Mabega mengi yanayochomoka, yapata 95 katika 100, hutoka kwa mbele, na hayo hata mwanafunzi huyaona. Machache hutoka kwa nyuma, na hayo kwenye picha ya mbele yanaweza kuonekana kana kwamba hayana neno. Kichwa cha mfupa kimezunguka ndani, kimekuwa mviringo wenye umbo la balbu, lakini kimebaki karibu na mahali pake. Anayeandika haraka ataandika "kawaida". Na wanaopatwa na hali hii ni wagonjwa ambao mara nyingi hawawezi kueleza kilichotokea: mtu aliyeamka kutoka kwenye kifafa, mtu aliyepigwa shoti ya umeme. Dalili yao kubwa ni moja: mkono umekaa ubavuni na haukubali kuzungushwa kwenda nje. Miezi ikipita hivyo, kichwa cha mfupa kinachimbika mtaro, na kazi ambayo ingekuwa ya dakika chache inakuwa upasuaji mkubwa.

Dawa yake ni picha ya pili. Inaweza kuwa ya ubavu, ambapo bapa la bega huonekana kama herufi Y na kichwa cha mfupa kinatakiwa kukaa kwenye njia panda yake. Bora zaidi ni ya kwapani, ambapo mkono unasogezwa kidogo kutoka mwilini na mwale unapita kwapani. Najua inauma. Nimeona wagonjwa wakikataa, na wapigaji wakiwaonea huruma na kuiacha. Lakini mkono hauhitaji kuinuliwa juu. Sentimita chache zinatosha. Na asiyeweza kabisa, mkono wake ukabaki umetundikwa shingoni kwa kitambaa, anaweza kuegemea nyuma kidogo juu ya meza na mwale ukaja kutoka juu. Hakuna bega lililoumia lisiloweza kupata picha ya pili. Ukitoka chumbani baada ya ajali na umepigwa mkao mmoja tu, uliza kwa upole: "Samahani, ya pembe ya pili bado?" Una haki ya kuuliza.

Kuhusu mionzi: eksirei ya bega ina kiasi kidogo mno, yapata milisivati 0.01 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mawe, anga na chakula, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na siku moja au mbili za kuishi tu. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa, lakini asikubali bega lililovunjika liachwe bila picha kwa hofu ya mtoto. Mwale unaelekezwa begani, na kinachofika tumboni ni kidogo mno.

Udhaifu wa eksirei ni muda. Usaha ukiingia kwenye mfupa, picha ya siku za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, kwa maana mfupa unapaswa kupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla macho hayajaona pengo. Kwa kawaida hilo huchukua siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye homa, bega limevimba na hataki kuguswa, hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu "eksirei imetoka safi".

Ultrasaundi: kipimo kinachodharauliwa

Watu wengi wanaijua ultrasaundi ya mimba na ya tumbo. Ukiwaambia ipo ya bega, wanashangaa. Nami nasikitika, kwa sababu kwa kano za bega hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kwa pesa inayotolewa.

Mgonjwa anaketi kwenye kiti, si kulala. Anaambiwa aweke kiganja nyuma, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kielekee nyuma. Mkao huo unaitoa kano ya juu kutoka chini ya paa la bega na kuileta mbele, ambako mawimbi ya sauti yanaifikia. Mpimaji anapitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi yenye jeli, anaitazama kano nyuzi kwa nyuzi, kisha anakuomba uinue mkono huku akitazama. MRI haiwezi kufanya hivyo: ultrasaundi inaiona kano ikifanya kazi, inaiona ikikwama chini ya paa, na inagusa pale pale unaposema panauma. Kama sindano inahitajika, daktari anaiona ikiingia.

Je, inaaminika? Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti za vipimo vya kano za bega, yalikuta kwamba kwa kano iliyochanika kabisa, ultrasaundi na MRI zinakaribiana, na yoyote kati ya hizo inaweza kutumika. Kwa kano iliyochanika nusu, zote mbili hukosea zaidi.

Masharti yapo, na ni mazito. Kwanza mashine iwe na kichwa bapa cha mawimbi ya juu, kile kinachotumika kwa tezi ya shingo na titi. Kile kilichopinda cha mimba hakifai. Pili, na hili ndilo kubwa, mkono wa mpimaji. Ultrasaundi ya bega ni ujuzi wa peke yake, na mtu anaweza kuwa hodari wa mimba kwa miaka mingi bila kuwahi kufundishwa bega. Uliza kabla ya kulipa: "Hapa mnapima bega mara kwa mara?" Ukijibiwa kwa kusitasita, tafuta kwingine. Ripoti ya ultrasaundi iliyofanywa na asiyejua ni mbaya kuliko kutokuwa na ripoti.

Tena ultrasaundi haiingii ndani ya mfupa. Inaona ngozi ya mfupa basi. Uvimbe wa ndani, kichwa cha mfupa kinachokufa kwa kukosa damu, usaha wa ndani kabisa, vyote vitaipita. Ndiyo maana eksirei na ultrasaundi ni jozi nzuri: moja ya mifupa, nyingine ya nyama. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 ambaye bega linamuuma anapoinua mkono, jozi hiyo inatosha kuanzia, na gharama yake kwa pamoja kwa kawaida haifiki hata nusu ya MRI moja.

CT: pale mpasuaji anapotaka ramani

Nitaenda haraka hapa. CT ni eksirei iliyozunguka mwili mzima wa bega na kukusanywa na kompyuta, hivyo inaona mfupa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ina maana kama kichwa cha mfupa kimepasuka vipande vitatu au vinne na daktari anafikiria kuweka vyuma au kiungo bandia. Kama bapa la bega limevunjika kuingia kwenye bakuli. Kama bega limechomoka mara nyingi na anataka kupima kiasi cha bakuli kilicholika. Ukingo wa mbele wa bakuli ukipungua kwa asilimia 20 hivi ya upana wake, kushona nyama peke yake mara nyingi hakushiki, na upasuaji wa kuongeza mfupa huingia kwenye mazungumzo.

Mionzi yake ni mingi kuliko eksirei ya kawaida, inaweza kufika milisivati 2 au karibu na hapo kutegemea mashine. Kwa mtu mwenye sababu, hilo halitishi. Kwa kijana mwenye maumivu ya kawaida, hakuna faida yoyote. Kano haionyeshi vizuri. Kama hujavunjika na hujachomoka, huenda usiihitaji CT ya bega maisha yako yote.

MRI: inaona mengi, wakati mwingine mengi mno

MRI haitumii mionzi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Inaona uboho, kano, misuli, gegedu, maji ndani ya kiungo, yote kwa mara moja. Kwa mambo kadhaa haina mbadala: kichwa cha mfupa kinachoanza kufa, uvimbe ambao eksirei imeuonyesha na sasa inabidi kujua umeenea wapi, usaha wa siku za mwanzo, ukingo wa bakuli uliobanduka kwa kijana. Kwa huo wa mwisho mara nyingi huchomwa dawa ya rangi ndani ya kiungo kabla ya picha, ili iingie kwenye mchaniko.

Kinachonisumbua ni MRI inayoombwa kwa kila bega. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na shida yoyote, wakapigwa MRI. Asilimia 34 walikutwa na mchaniko wa kano. Kwa waliozidi miaka 60, asilimia 54. Hawa ni watu wasiolalamika chochote. Sasa mchukue mama wa miaka 63 mwenye bega gumu, mpige MRI, ripoti isome "mchaniko wa sehemu ya kano ya juu". Usingizi unaruka, familia inaanza kuchanga fedha za upasuaji, na pengine mchaniko huo ulikuwapo miaka 10 bila kumdhuru, na tatizo lake la leo ni jingine kabisa. Picha lazima ilinganishwe na mwili ulio mbele ya daktari. MRI isiyotanguliwa na mkono wa daktari kushika bega, kuliinua na kulizungusha, ni fedha iliyotupwa.

Gharama: hospitali hutofautiana, lakini si ajabu MRI moja ikazidi bei ya eksirei kwa zaidi ya mara 10, na kwa walio nje ya miji mikubwa kuna nauli na malazi juu yake. Mtu wa bima aulize kwanza kama kibali kinahitajika. Ndani ya mashine unakaa dakika 20 hadi 45 bila kujongea, na kelele ni kubwa. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kurukiwa na chembe ya chuma jichoni naye aseme, hata kama ilikuwa zamani, kwa sababu sumaku inaweza kuivuta chembe hiyo. Vyuma vya mfupa kwa kawaida havimzuii mtu, ila hutia kivuli kwenye picha.

Ukiwa wewe ni…

*Umeanguka au umegongwa.* Eksirei ya pembe mbili, leo. Usikubali bega livutwe mtaani wala lichuliwe kwa mafuta ya moto kabla ya picha, hata kama anayechua ana sifa kijiji kizima. Bega lililochomoka linaweza kuwa na mfupa uliovunjika pamoja nalo, na kulivuta kwa nguvu kunaweza kuvisambaratisha vipande. Likisharudishwa mahali pake na daktari, litapigwa picha tena. Hiyo si njama ya kukuongezea bili, ni uhakika kwamba limekaa pake. Ukiwa zaidi ya miaka 40 na wiki mbili baada ya kurudishwa bado huwezi kuinua mkono, omba ultrasaundi: kwa umri huo kano huchanika bega linapotoka. Mkono ukiwa na ganzi, umelegea au umepoa, usisubiri foleni ya picha. Waambie wa mapokezi hapo hapo.

*Bega limekuwa gumu pole pole, una miaka 40 hadi 60, pengine una kisukari.* Hili huenda ni bega lililoganda, jina lililotolewa mwaka 1934 na Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston. Hugunduliwa kwa kushikwa: mkono haukubali kuzunguka kwenda nje, ukijizungusha mwenyewe au ukizungushwa na mwingine. Eksirei hapa hupigwa ili itoke safi. Yaani kazi yake ni kuondoa magonjwa mawili yanayofunga mkono namna hiyo hiyo, kiungo kilichosagika na bega lililotoka kwa nyuma. Ikiwa safi, umepata jibu. MRI haiongezi kitu kikubwa. Fedha hiyo ipeleke kwenye fiziotherapia na kwenye kushusha sukari.

*Una selimundu (sickle cell).* Hapa mimi hubadilika na kuwa mtetezi wa MRI. Tanzania, Kongo na Uganda ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na vijana wengi wamezoea kuambiwa kila maumivu ni "kraisisi", yaani shambulio la maumivu la ugonjwa wenyewe. Chembe za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa wa mkono ni cha pili kwa kufa hivyo baada ya kile cha nyonga. Hatua ya kwanza eksirei haioni kabisa. Baadaye huonekana mstari mwembamba mweusi chini ya gegedu, dalili kwamba mfupa umeanza kukatika, na mwishoni kichwa kinabonyea. MRI inaona kabla ya hayo yote, wakati bado kuna la kufanya. Kijana mwenye selimundu ambaye bega limemuuma wiki kadhaa nje ya kraisisi, eksirei yake ikiwa safi, asiishie hapo. Na akiwa na homa, fikiria usaha. Mfupa wenye selimundu hushambuliwa kirahisi, mara nyingi na vijidudu vya salmonela.

*Kijana mwanamichezo, bega limetoka zaidi ya mara moja.* Eksirei, kisha MRI ya ukingo wa gegedu au CT ya bakuli, kwa uamuzi wa mpasuaji atakayekushona. Anza kumwona yeye kabla ya kulipia picha. Kila mmoja ana anachotaka kukiona, na picha iliyopigwa bila yeye hurudiwa.

*Mtoto au kijana wa shule, maumivu ya usiku yasiyopoa, uvimbe unaokua juu ya mkono.* Eksirei ndani ya wiki hiyo hiyo. Sehemu ya juu ya mfupa wa mkono ni moja ya mahali saratani ya mifupa ya vijana hupenda kuanzia, na eksirei ya kawaida huionyesha vizuri. Wengine watakutwa na uvimbe wa maji usio na hatari, ambao hujulikana siku mtoto anapovunjika mkono kwa kurusha jiwe tu. Kinachoua ni miezi ya kuchua. Kwa mtoto pia kuna mstari wa ukuaji karibu na kichwa cha mfupa, na wasiouzoea huuita ufa. Picha ya bega la pili huondoa ubishi.

*Bega limekonda, limekauka, linauma kidogo kidogo kwa miezi, una jasho la usiku au ulitibiwa TB.* Kifua kikuu cha bega kinaweza kuja kikavu, bila usaha wala uvimbe. Eksirei huonyesha mifupa iliyofifia karibu na kiungo, kingo zilizomomonyoka, na nafasi inayopungua taratibu. Sampuli ndiyo itakayothibitisha. Picha pekee haitoshi.

*Bega la kushoto pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi.* Usije kwetu. Nenda dharura, ni moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kabla na baada ya picha

Vaa nguo inayofunguka kwa mbele. Mkufu, hereni ndefu, sidiria yenye chuma na vikuku vitavuliwa. Mwenye rasta au misuko mirefu aifunge juu kabisa, kwa sababu uzi na shanga zikiangukia begani hutokea kwenye picha kama michirizi, na nimeshuhudia michirizi hiyo ikifikiriwa kuwa ufa.

Hakikisha fomu ina maelezo. "Bega, maumivu" hayamsaidii anayepiga wala anayesoma. "Alianguka na pikipiki juzi, hawezi kuzungusha mkono nje" yanabadilisha pembe nitakazopiga. Kama daktari hakuandika, tuambie kwa mdomo, tutaandika sisi.

Chukua picha zako. Ziwe filamu, ziwe CD, ziwe kwenye simu kwa mfumo wa hospitali, ni mali yako, na anayekuja kukutibu mwakani atataka kuzilinganisha. Filamu usiikunje wala usiiache juani kwenye dashibodi ya gari. Ripoti nayo uidai, iwe imesainiwa na daktari wa radiolojia, maana picha bila ripoti huishia kusomwa kwa kuinuliwa dirishani. Kwa Tanzania, vituo vya eksirei na CT vinapaswa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na kwa Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Kituo kipya cha mtaani ambacho hukijui, uliza leseni iko wapi kabla hujavua shati.